Vumbi la Ukuta wa Darasa la Saba

Watoto walimpa mwalimu mkuu jina la Fagio, naye alilijua na hakulikasirikia. Kila asubuhi, mwanga wa kwanza ukigusa bati za shule, yeye alikuwa ameshafungua kufuli la darasa la saba, amejifunga kitambaa kichwani na kuyasukuma madawati mbele. Mwalimu mkuu mzima, mwenye miaka hamsini na sita na magoti yanayolia kama bawaba kavu, alikuwa akiinama na kufagia. Wazazi waliopita na majembe yao begani waliwaonyesha watoto. "Unamwona? Mkubwa, lakini hadharau kazi." Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alimsifu hata kwenye mikutano, akisema shule yenye mwalimu wa namna ile haifi.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwalimu alifagia darasa moja tu.

Darasa la saba lilikuwa la mwisho katika jengo, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa unamwaga vumbi. Kila kukicha vumbi hilo laini, jekundu, lilikuwa limejilaza sakafuni chini ya ukuta, urefu wa hatua nne, kana kwamba kuna mnyama ndani anayetafuna taratibu. Mwaka wa jana, mvua zilipokwisha, lilikuwa la kushika kwa vidole viwili. Likaja likawa la kiganja. Mwaka huu tunaousimulia lilijaza nusu kopo la rangi. Fagio alilibeba mwenyewe hadi shimo la taka nyuma ya vyoo, akalimwaga na kulifunika kwa majivu ya jikoni. Kisha alinawa mikono, akapiga kengele, akawapokea watoto kwa uso mkavu. Walimu wenzake watatu walidhani ile ni bidii. Ilikuwa hofu, na ilikuwa imemkaa tumboni muda mrefu kiasi kwamba alishazoea kula nayo.

Shule ile haikujengwa na serikali wala mfadhili. Shule ya serikali ilikuwa mjini, siku mbili kwa miguu, na wazazi wa pale, wengi wao vibarua katika mashamba ya watu, walikuwa wakiwatazama watoto wao wakikua hawajui kusoma hata majina yao. Fagio alianza na watoto kumi na mmoja chini ya upenu wa ghala, ubao wake ukiwa mlango uliong'olewa. Watoto walipofika sitini, mwenye ghala akalitaka ghala lake. Ndipo wazazi walipokaa kitako wakakata shauri: hakuna ada, ila kila mtoto matofali mia mbili ya kuchoma. Asiye na kitu mfukoni ana udongo, na asiye na udongo ana mikono.

Basi watu wakafyatua matofali. Kila familia iliyachora ya kwake alama kwa msumari yakiwa bado laini: huyu duara, yule mkia wa samaki, mwingine ngazi. Baadaye alama hizo zikawa fahari ya watoto. Ungepita pale wakati wa mapumziko, mtoto angekushika mkono akupeleke ukutani, akuonyeshe, "Hili la baba. Hili la bibi. Hili nilichora mimi, ndiyo maana limepinda."

Siku ya kupokea, wanakamati walikaa kwenye benchi, na kazi yao ilikuwa moja tu, kugonganisha. Unachukua matofali mawili, unayagonga karibu na sikio. Likilia kama chuma, limeiva, linapokelewa. Likisema bu, ndani ni udongo mtupu, linatupwa pembeni mbele ya watu wote na mwenyewe akachome upya. Palikuwa na utani mwingi. "Wewe, hili umelichoma kwa njiti ya kiberiti?" Aliyekataliwa alicheka pamoja na wenzake, akabeba mzigo wake, akarudi nyumbani.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mjane mmoja, kibarua wa kupalilia, mwenye binti mdogo aliyemshika gauni. Matofali yake aliyaleta kwa kichwa, manne manne, safari hamsini tangu jana yake. Kuni hakuwa nazo. Majirani walimpa nafasi pembezoni mwa tanuri lao, kule ambako moto unafika umechoka. Mwanakamati akagonganisha. Bu. Akachukua mengine. Bu. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyu katuletea mikate!" na watu wakaangua kicheko. Mjane alianza kuyaokota ayarudishe kichwani, na mtoto akawa anamsaidia.

Fagio hakuvumilia. "Acha hapo hapo, mama," alisema. "Hayo nayajua mimi, yana mahali pake."

Moyo ulikuwa mzuri. Mahali pake sasa! Fundi wa jengo alikuwa shemeji yake Fagio, mdogo wa marehemu mumewe, na siku ya kuanza ukuta wa nyuma alikuwa kitandani na homa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na wazazi hawakutaka kusubiri. Mchana, wote walipokwenda kula, mwalimu aliingia msingini peke yake akayapanga matofali ya mjane mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, hatua nne, kwa mikono yake. Huyu mtu alijua hesabu na sarufi, lakini ujenzi alikuwa anausikia kwa watu. Chini hayaonekani, aliwaza. Chini yatafunikwa na lipu, na hakuna atakayeyanyooshea kidole. Fundi yeyote angemwambia kwamba tofali bichi juu ya ukuta litakuaibisha tu, lakini chini litakuua, maana maji hukaa chini. Fundi mwenyewe alipopona alikuta ukuta umefika kiunoni na kwa nje hauna kasoro.

Miaka saba ikapita. Mjane akawa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache ambaye sufuria zake ziling'aa kuliko dirisha la ofisi. Binti yake akaanza darasa la kwanza ndani ya jengo lile lile, akapanda darasa baada ya darasa. Wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu jambo akilisikia mara moja halimtoki. Sasa alikuwa darasa la saba, na kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote aliketi dawati la nyuma kabisa, mgongo umeegemea ukuta. Kila Fagio alipoingia darasani, macho yake yalikwenda kwanza kwenye mgongo ule.

Watoto thelathini na mmoja. Ndio kwanza shule itoe watahiniwa, na habari njema ilikuwa kwamba mkaguzi wa elimu alikubali wafanyie mtihani pale pale. Hilo halikuwa jambo dogo. Mtoto ambaye angeambiwa aende mjini angehitaji mahali pa kulala, chakula, na baba wa kumruhusu. Wavulana wangekwenda nusu. Wasichana, kila mtu alijua, wangebaki.

Mkaguzi alikuja mwezi mmoja kabla ya mtihani, mtu mpole, mwenye viatu vilivyochoka. Alipima madirisha, akahesabu madawati, akatazama sakafu. "Mwalimu, usafi huu sijauona hata mjini," alisema. Halafu, kwa uchovu tu wa safari, akauegemea ukuta wa nyuma. Mkaguzi akajipangusa bega, akatazama vidole vyake vilivyokuwa vyekundu.

"Vumbi la barabarani," Fagio aliharakisha kusema.

"Barabara zenu ni balaa," mkaguzi akacheka, akasaini karatasi. Mlangoni akageuka. "Nitarudi na mitihani. Ila nakwambia mapema, Mwalimu, jengo likiwa na ufa wa kuingia kidole, nafunga kituo siku hiyo hiyo. Si kwa ubaya. Nina watoto pia."

Baada ya siku ile ndipo jambo jingine lilipoanza. Asubuhi moja Fagio aliinama na fagio lake akakuta vumbi limepungua. Alipotoka nje kutazama upande wa pili, aliona chini ya ukuta, pale lipu ilipokuwa imebabuka, mtu amesiriba udongo mpya. Ulikuwa umelainishwa kwa kiganja, alama za vidole zikionekana. Siku ya tatu yake paliongezwa pengine. Kuna mtu anajua.

Angeuliza. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Lakini kuuliza ni kusema, na kusema ni kufunga shule, na zaidi ya hapo ni kumsimamisha mpishi mbele ya watu wale wale waliomcheka, safari hii kwa kosa la mwalimu. Basi alinyamaza. Alijiambia kwamba huyo anayesiriba, awe nani, ni mtu mwema, na mwema hakimbizwi kwa maswali. Akafika hata mahali pa kumshukuru moyoni. Ona jinsi mtu mwenye akili zake anavyoweza kujipofusha macho mchana kweupe!

Siku za marudio zikafika. Fagio aliandika ubaoni methali kumi ambazo mtihani huzipenda, na watoto wakazikariri kwa sauti. Kasuku akainua mkono.

"Mwalimu, umeisahau ya ufa."

Darasa zima likaimba methali ile kwa pamoja bila kuombwa, kwa furaha, wakigonga madawati. Kila mtu anayesema lugha hii anaijua, haina haja ya kurudiwa hapa. Nyuma yao punje za udongo zikateremka kando ya bega la Kasuku, naye akazipangusa bila kutazama, kama mtu anayefukuza nzi.

"Mmeijua vizuri," Fagio alisema. "Tuendelee."

Siku tisa kabla ya mtihani alishindwa kuvumilia, akamwita shemeji yake, kwa kisingizio cha bawaba ya mlango. Fundi alikuwa mtu wa mzaha, asiyeingia mahali bila kuchokoza.

"Shemeji, leo umenikumbuka? Nilidhani mpaka nife ndio uje na maua."

"Kaza bawaba, maneno baadaye."

Alikaza bawaba. Lakini fundi ni fundi. Alipokuwa akikusanya vifaa macho yake yakaangukia ukuta wa nyuma, na mzaha ukamtoka usoni. Akaenda, akapiga magoti, akageuza nyundo akagonga kwa mpini, akiwa ametega sikio. Juu ukuta ulilia. Katikati ulilia. Chini ukasema bu.

"Ukuta huu una nini ndani?"

"Mchwa, nadhani."

"Mchwa nawajua." Akatoka nje akakwangua ule udongo uliosiribwa. Nyuma yake palikuwa na tope, na alipochoma kwa kidole, kidole kikazama hadi kiungo cha pili. Alirudi akiwa ameushikilia mkono wake mbali na mwili. "Anayesiriba hapa ni nani?"

"Sijui. Wallahi sijui."

"Basi mwambie aache. Amenifichia ugonjwa. Kama si leo kugonga, ningepita nje nikasema ukuta mzima." Akamtazama. "Shemeji, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa ulitia nini?"

Alikuwa karibu kusema. Neno lilifika kwenye meno. Nje mpishi alipita na ndoo ya maji kichwani, akawasalimu kwa kuinamisha shingo kidogo, maji yasimwagike, na neno likarudi tumboni.

"Itachukua muda gani kuubomoa na kujenga upya?"

"Wiki mbili, na watu ishirini."

"Mtihani ni Jumatano ya wiki ijayo."

"Mvua haina ratiba ya mtihani. Basi niuegemeze magogo leo hii, matatu tu."

"Mkaguzi atayaona."

Fundi akavifunga vifaa vyake polepole. "Mimi nimesema," alisema. "Watoto watoe."

Fagio hakuwatoa. Aliwasogeza. Alivuta madawati yote mbele, yakabanana hadi watoto wa kwanza wakawa wanagusa ubao kwa magoti, na nyuma akaacha hatua tatu wazi, akachora mstari wa chaki sakafuni. Atakayeuvuka atachapwa, alisema, yeye ambaye hakuwahi kushika fimbo. Watoto walidhani ni kanuni za mtihani. Kasuku alinung'unika kwamba hana pa kuweka miguu. Usiku Fagio aliomba mvua ichelewe, kila asubuhi akatazama mawingu kabla ya kutazama saa. Kulikuwa kumekucha kweupe siku tatu mfululizo, na jua kali, na yeye akaanza kuamini kwamba atavuka.

Ijumaa mvua ikaja, majuma matatu kabla ya wakati wake. Ilianza saa mbili asubuhi bila ngurumo, mvua tulivu ya kunyesha wima, ile isiyo na haraka ya kwenda popote. Saa tano Fagio akawaruhusu watoto wote waende nyumbani. Walitoka wakipiga kelele, mifuko ya plastiki vichwani. Alihesabu darasa la saba mlangoni, mmoja mmoja, hadi thelathini na mmoja, akafunga kufuli, akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakae nyumbani, aliwaza. Ukianguka, uangukie madawati.

Alikuwa ofisini akipanga vitabu juu ya meza, mbali na paa linalovuja, alipomwona mpishi dirishani. Alipita na beseni la bluu lililojaa udongo, gunia limemfunika mgongo, akazunguka nyuma ya darasa la saba.

Fagio alikimbia. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokimbia. Alimkuta amepiga magoti chini ya ukuta, maji ya paa yakimmwagikia, anachota udongo kwa mikono miwili na kuukandika, na udongo unateremka, naye anaukandika tena.

"Mama Kasuku! Toka hapo!"

"Kidogo tu, Mwalimu. Nizibe hapa, maji yasiingie."

"Ni wewe? Siku zote hizi ni wewe?"

Mpishi hakugeuka. "Niliona unafagia," alisema. "Majivu yangu nayajua, Mwalimu. Kila nikienda kuyamwaga nakuta vumbi jekundu chini yake. Nikasema, huyu mama anafagia aibu yangu. Na mimi nifanye la kwangu."

"Aibu yako? Niliyapanga mimi hayo!"

"Najua. Siku ukuta ulipokwisha kila mzazi alionyesha alama yake. Mimi ya kwangu nilichora jani. Nililitafuta kuta zote, ndani na nje, sikuliona. Nikajua umelificha wapi." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa wote. "Ulinisitiri mbele za watu. Ningesemaje kwamba shule inaanguka kwa ajili yangu? Wangekuuliza wewe uliyapokeaje."

Ndani ya ukuta kitu kilitoa sauti, kama mtu anayeguna usingizini. Fagio alimshika mkono akamvuta kwa nguvu zake zote, na mpishi akainuka, akamfuata, wote wawili wakateleza kwenye tope hadi hatua kumi, kumi na tano. Wakasimama wakishikana, wakihema. Ukuta ulikuwa bado wima.

"Beseni," mpishi alisema.

"Liache!"

"La shule hilo, Mwalimu. Lina jina la shule." Akautoa mkono wake kwa adabu, kama alivyofanya kila kitu, akarudi.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo kikubwa. Ulikaa chini kwanza, kama mzee aliyechoka, kisha ukalala kwa nje.

Fundi na wanaume wa jirani walimtoa mpishi chini ya kifusi kabla ya saa nane. Alikuwa ameshakufa. Jumamosi asubuhi, kabla ya mazishi, watu walijaa uwanjani wakitazama kuta tatu na paa lililoning'inia. Fundi aliokota tofali kutoka mstari wa chini, akalivunja kwa mikono kama mtu anayemega mkate. Ndani palikuwa udongo. Akaokota la pili, akalipangusa kwa kidole gumba.

"Lina alama," alisema. "Jani."

"Jani ni la nani?" mwenyekiti akauliza, na mama mmoja akajibu kwa sauti ya chini kwamba jani lilikuwa la marehemu. Mnong'ono ukapita. Mtu akakumbuka ile mikate ya miaka saba iliyopita, akaisema, na safari hii hakuna aliyecheka. "Kumbe kazi yake mwenyewe," mwingine alisema. "Imemrudia."

Mwenyekiti akamsogelea Fagio, akamnong'oneza. "Mwalimu, mambo yamekwisha. Mwenye kosa ameshalala. Mkaguzi anakuja leo na mitihani, tumwambie hivyo. Wewe hujui lolote. Tutajenga tena, shule itabaki."

Alikuwa anasema kwa wema. Fagio alimtazama, akamtazama Kasuku, aliyesimama kando ya kifusi na sare ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Msichana alikuwa amesikia yote. Halimtoki jambo akilisikia mara moja. Angekaa na neno lile, kwamba mama yake alileta matofali mabovu yakamuua, mpaka uzeeni.

"Hayakuwa kosa lake," Fagio alisema. Alitumia ile sauti ya darasani. "Yalikataliwa hapa hapa, mbele yenu, naye akaanza kuyabeba ayarudishe. Nilimzuia mimi. Niliyapanga mimi, chini kabisa, mlipokwenda kula. Ukuta ulipoanza kuoza niliona mimi. Mlikuwa mnanisifu nafagia. Nilikuwa nafagia huo ukuta. Fundi aliniambia niwatoe watoto, nikawasogeza hatua tatu. Marehemu hakuvunja kitu. Alikuwa anaziba."

Watu waliondoka mmoja mmoja kwenda kuzika, na hakuna aliyemtazama usoni isipokuwa shemeji yake, naye alitazama kidogo tu.

Mkaguzi alifunga kituo, kama alivyosema. Mtihani ungefanyikia mjini. Jumatatu alfajiri Fagio alisubiri njia panda na mfuko wa penseli. Kati ya watoto thelathini na mmoja walikuja kumi na tisa, na wasichana kati yao walikuwa wanne. Baba mmoja alimleta mwanawe, akamkabidhi kwa fundi aliyekuwa anawasindikiza, akampita mwalimu kana kwamba ni mti. Kasuku alikuja wa mwisho, peke yake, na kandambili za mama yake miguuni.

Siku nzima ya kwanza alitembea nyuma ya wote na hakusema neno. Siku ya pili, walipokaa kupumzika kivulini, alikuja akasimama mbele ya Fagio.

"Mwalimu."

"Nipo, mwanangu."

"Yeye alijua. Na wewe ulijua. Mlikuwa mnaonana kila siku jikoni." Alisita, si kwa hasira; alikuwa kama anayetafuta hatua iliyorukwa katika hesabu. "Si mngeambiana tu?"

Kasuku alingoja kwa adabu, muda wa kutosha, kisha akachukua kifurushi chake akaenda mbele, kwa fundi.

Jumatano asubuhi, katika chumba kikubwa cha shule ya mjini, watahiniwa waliambiwa waketi. Fagio alikuwa nje na walimu wengine, akiwatazama wake kupitia dirishani. Wote waliketi isipokuwa mmoja. Kasuku alikwenda ukutani, karibu na dawati alilopewa, akainama, akagonga chini kwa ngumi, akatega sikio. Akasogea hatua moja, akagonga tena.

"Wewe msichana, unafanya nini?" msimamizi akauliza.

Kasuku aliuzunguka ukuta wote hadi mwisho, akigonga, na chumba kizima kikimngoja. Ndipo akarudi kwenye dawati lake, akaliburuta mbele kidogo, akaketi.